Logi imejaa 400: kwanza jua nani amekataa

SWALI: Shikamoo fundi. Ninasimamia seva ya oda ya ushirika wetu wa wakulima huku Kilombero. Nginx (mpokeaji wa maombi ya wavuti) iko mbele, programu ya Node iko nyuma kwenye poti 3000. Tovuti yetu iko seva nyingine; inapokea fomu za wateja kisha inazituma huku. Mizani za ghalani nazo hutuma uzito kwa laini ya simu. Mwezi uliopita nilipandisha Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04, na tangu hapo logi imejaa 400 na mizani mbili zimenyamaza. Wateja wa Mang'ula pia wanalalamika oda zao hazipiti, ila hao walianza kabla. Tulidhani ni mtandao wa kule, maana wa Ifakara wanapita vizuri. Kampuni inayotupangisha seva ilinishauri niongeze large_client_header_buffers (bafa ambamo Nginx husomea heda, yaani mistari ya maelezo inayotangulia ombi). Nimefika 4 64k, hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu anasema tunashambuliwa, nifungie kila IP yenye 400. Mistari hii mitano ndiyo inayojirudia (nimeondoa IP na saa):

```
1  "\x16\x03\x01\x02\x00\x01\x00\x01\xFC\x03\x03" 400
2  "\x03\x00\x00/*\xE0\x00\x00\x00\x00\x00Cookie: mstshash=Administr" 400
3  "GET /mizani?ghala=Ghala la Pili&kg=4120 HTTP/1.1" 400
4  "POST /oda HTTP/1.1" 400
5  "\x22}" 400
```

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole. Umefanya jambo la maana kuleta mistari yenyewe badala ya kuniambia tu "seva inakataa". Humo mna mambo matatu yasiyohusiana. Mistari 1 na 2 ni kelele za mtaani. Mstari wa 3 umeletwa na kule kupandisha toleo. Mistari 4 na 5 ni kosa moja lenye sura mbili, na ndimo walimo wateja wako wa Mang'ula. Bafa uliyoongeza haigusi hata mmoja wa mistari hiyo.

400, yaani jibu la HTTP la "ombi bovu", ina ubaya mmoja: inaweza kutolewa na mtu yeyote njiani. Nginx anaweza kulikataa ombi kabla hata hajajua linakwenda wapi. Programu yako nayo inaweza kulipokea, kulifungua, na kurudisha 400 ileile, na Nginx akaipitisha kama tarishi. Kwenye logi ya kawaida hizo mbili zinafanana kabisa. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, ifanye logi ikwambie nani amesema hapana:

```
log_format uchunguzi '$remote_addr [$time_local] "$request" $status '
                     'programu=$upstream_status urefu=$content_length';
access_log /var/log/nginx/uchunguzi.log uchunguzi;
error_log  /var/log/nginx/error.log info;
```

Ukiona `programu=-`, Nginx mwenyewe ndiye aliyekataa; ombi halikufika kwa Node. Ukiona `programu=400`, Nginx hana kosa, kamwulize Node. Kwa mistari yako nakuhakikishia kwamba wa 4 utakuja na 400 na mingine yote itakuja na kistari.

Neno `info` pale mwisho lina kazi yake. Sababu za Nginx kukataa ombi bovu huandikwa kwa kiwango cha info, ilhali kiwango cha kawaida ni error. Ndiyo maana watu wengi huchungulia error.log, wakaikuta kimya, wakaanza kubahatisha. Ukishaweka info utasoma maneno kama "client sent invalid method while reading client request line", na hapo kazi inakuwa nusu. Ukimaliza uchunguzi irudishe ilivyokuwa. Mimi niliwahi kuisahau kwenye seva ndogo ya mteja, diski ikajaa Jumapili, na hifadhidata ikasimama kwa sababu ya logi niliyoifungua mwenyewe.

Jambo jingine linalowapoteza watu: ombi ambalo mstari wake wa kwanza umevunjika halijafika kwenye heda ya Host, kwa hiyo Nginx hajui ni la tovuti ipi. Kwa poti 80 analiandika kwenye logi ya server ile ya msingi, yenye `default_server`, au ya kwanza kusomwa kama hukuitaja. Ukiwa na tovuti tatu kwenye seva moja, makosa ya tovuti ya tatu unaweza kuyakuta kwenye logi ya ya kwanza.

Tumalize kelele haraka. Mstari wa 1: baiti 16 03 01 ni salamu ya kwanza ya TLS, ile lugha ya siri ya HTTPS. Kuna mtu amebisha poti 80 akizungumza lugha ya poti 443. Mstari wa 2 ni mtu anayetafuta kompyuta za Windows zilizoacha wazi Remote Desktop. Hilo `mstshash` ni la itifaki hiyo. Ni roboti wanaopapasa kila IP ya umma duniani, usiku na mchana, na hawajui kama wewe unauza mbolea au unatunza mashairi. Nginx amewajibu 400 na kufunga mlango, ndivyo inavyotakiwa. Waache.

Sasa mizani. Angalia mstari wa 3 kwa jicho la Nginx. Mstari wa kwanza wa ombi la HTTP una vipande vitatu vilivyotenganishwa na nafasi: njia ya kuomba, anwani, na toleo. `GET`, nafasi, `/mizani?ghala=Ghala`, nafasi, halafu anategemea kusoma `HTTP/1.1`. Anakuta `la`. Binadamu anaelewa kwamba "Ghala la Pili" ni jina moja. Mashine haina njia ya kujua. Kwenye anwani nafasi inatakiwa iandikwe `%20`, na mizani yako haifanyi hivyo.

Utauliza: mbona miaka yote ilifanya kazi? Kwa sababu Nginx alikuwa anasamehe. Ubuntu 22.04 inakuja na Nginx 1.18, ambayo ilikubali nafasi ndani ya anwani. Toleo 1.21.1, la Julai 2021, lilifuta msamaha huo: nafasi au herufi za udhibiti kwenye mstari wa ombi sasa ni kosa siku zote. Ubuntu 24.04 inakuja na 1.24. Ulipopandisha toleo uliruka mpaka huo bila kuuona. Nadhani mizani nyingine zinaendelea kufanya kazi kwa sababu maghala yake yana jina la neno moja, nikikosea nijulishe.

Jihakikishie mwenyewe ukiwa ndani ya seva:

```
printf 'GET /mizani?ghala=Ghala la Pili&kg=1 HTTP/1.1\r\nHost: oda.example.org\r\nConnection: close\r\n\r\n' | nc localhost 80
```

Hiyo itakupa 400. Badilisha nafasi ziwe `%%20` (ndani ya printf alama ya asilimia huandikwa mara mbili, usije ukajiongezea kosa la pili) na itapita. Dawa ya kweli ni kurekebisha programu ya mizani ibadilishe nafasi kabla ya kutuma. Najua lakini hali ilivyo: aliyeziuza yuko mbali, na kebo ya kuzipanga upya hakuna anayeijua ilipo. Kama jina la ghala linawekwa kwenye menyu ya mizani au kwa SMS, libadilishe liwe `ghala-2`, kisha kwenye Node weka mistari miwili inayotambua kwamba ghala-2 ndilo Ghala la Pili. Itakuchukua asubuhi moja. Usirudi kwenye Nginx ya zamani kwa ajili ya mizani mbili.

Na hapa nikae kidogo, kwa sababu ukali huu wa Nginx haukuja kwa ukorofi. Kwenye intaneti ya zamani tulifundishwa kuwa wapole kwa tunachopokea. Jon Postel aliuandika msimamo huo kwenye nyaraka za itifaki za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ulisaidia mno mitandao tofauti kuelewana. Tatizo huanza zinapokuwa seva mbili mfululizo, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja akisamehe kwa namna yake. Wa mbele anaona ombi limeishia hapa, wa nyuma anaona limeishia pale. Kipande kilichobaki katikati kinasomwa kama mwanzo wa ombi linalofuata, ambalo huenda ni la mtu mwingine. Udanganyifu huo ulielezwa na watu wa Watchfire mwaka 2005, na mwaka 2019 James Kettle wa PortSwigger akaonyesha kwamba bado unaangusha tovuti kubwa. Ndiyo sababu toleo lilelile 1.21.1 linakataa pia ombi lenye Content-Length na Transfer-Encoding kwa pamoja. Kaa na wazo hilo la kipande kinachobaki, maana mstari wako wa 5 ni hicho hasa, ila kwenu hakuna mwizi.

Mstari wa 5 ndio ulionifanya nitabasamu. `\x22` ni alama ya kufungia nukuu, Nginx huiandika hivyo kwenye logi. Kwa hiyo "ombi" lililofika ni `"}`. Baiti mbili tu. Hakuna roboti anayebisha hodi kwa baiti hizo mbili. Huo ni mkia wa JSON, muundo wa maandishi ambao tovuti inautumia kutuma oda. Tafuta kwenye logi yako: karibu kila mstari wa 5 utaukuta nyuma ya mstari wa 4, IP ileile, sekunde ileile, na IP hiyo ni ya seva ya tovuti yenu.

Hivi ndivyo inavyotokea. Tovuti inatuma oda:

```
{"bidhaa":"mbolea","mifuko":4,"kata":"Mang’ula"}
```

Hesabu herufi: 48. Sasa tazama ritifaa ya Mang’ula. Haijasimama wima kama ile ya kibodi ya kompyuta, imepinda. Iliyosimama ni baiti moja, 27 kwa heksa. Iliyopinda kwa UTF-8, namna ya kawaida ya kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti tatu: e2 80 99. Kwa hiyo oda hii ni herufi 48 lakini baiti 50. Heda ya Content-Length inahesabu baiti. Programu ya tovuti imehesabu herufi, ikatangaza 48, kisha ikatuma 50. Nginx akaamini tangazo: akasoma baiti 48, akampa Node, na Node akapata JSON iliyokatikia kwenye `Mang’ula` bila nukuu ya kufunga. Akarudisha 400. Huo ni mstari wa 4. Muunganisho ukiwa bado wazi, Nginx akageukia kilichobaki, akakuta `"}`, akakidhania ni ombi jipya. Hakuna njia ya kuomba inayoanza na nukuu. 400 nyingine, mstari wa 5.

Kumbe mtandao wa Mang'ula haukuwa na neno. Ifakara haina ritifaa.

Nakisia mambo mawili, uyathibitishe. La kwanza, kwenye msimbo wa tovuti kuna mstari unaofanana na huu:

```
'Content-Length': data.length
```

Kwenye JavaScript `length` ya maandishi haihesabu baiti. Sahihi ni `Buffer.byteLength(data)`, au bora zaidi, futa mstari huo kabisa na utumie `fetch`, ihesabu yenyewe. Wanaotumia PHP hukwama palepale wakiandika `mb_strlen` mahali pa `strlen`. La pili, orodha ya kata kwenye fomu ilinakiliwa kutoka hati ya Word, na Word ndiyo iliyopinda ritifaa. Vinginevyo wangeshindwa wachache wenye iPhone, ambayo nayo hupinda ritifaa yenyewe mtu anapoandika, na wengine wangepita. Kushindwa kwa kata nzima kunaelekeza kwenye orodha. Itazame:

```
grep -n "’" kata.json
```

Ukikuta Mang'ula hapo, nadhani utakuta na majina mengine yenye ng'. Kosa hili linaweza kulala miaka kwenye programu ya Kiswahili, kwa sababu maandishi yetu karibu yote yanatumia herufi za baiti moja. Mfaransa angeligundua siku ya kwanza. Sisi tunalisubiri hadi aje mteja wa Mang'ula, au wa Chang'ombe, au wa Murang'a.

Ukitaka kuliona kwa macho, sikiliza kati ya Nginx na Node, ambako hakuna TLS:

```
sudo tcpdump -i lo -A -s 0 'tcp port 3000'
```

Mwombe mtu atume oda moja ya Mang'ula. Utaona `Content-Length: 48`, na mwili wa ombi ukiishia `"kata":"Mang...ula`. Hizo nukta tatu ndizo baiti tatu za ritifaa moja, tcpdump huweka nukta pale asipoweza kuandika herufi. Nukuu na mabano ya mwisho hayapo. Kama mlihifadhi kwenye faili, lifuteni baadaye; lina majina na namba za wateja.

Unaweza pia kulizalisha kosa bila kumsumbua mteja:

```
curl --http1.1 -i -H 'Content-Type: application/json' -H 'Content-Length: 48' \
  --data-binary '{"bidhaa":"mbolea","mifuko":4,"kata":"Mang’ula"}' \
  https://oda.example.org/oda
```

Ondoa heda ya Content-Length, rudia, na oda itapita. Kama tovuti yenu inatumia Node ya kabla ya 19, huenda mstari wa 5 usiuone kabisa, maana zamani Node ilifunga muunganisho baada ya kila ombi na zile baiti mbili zilipotea kimyakimya. Kosa lingekuwepo, ushahidi usingekuwepo.

Rekebisha hesabu kwanza, orodha baadaye. Ukinyoosha ritifaa tu, siku mteja atakapoandika emoji kwenye maelezo utarudi hapahapa.

Kuhusu ule ushauri wa bafa: una mahali pake. Nginx huruhusu kila mstari wa heda uingie kwenye bafa moja ya 8k, na ukizidi, ukurasa wenyewe hutamka "Request Header Or Cookie Too Large". Dalili yake ni mtu mmoja, kwenye kivinjari kimoja, ambaye akifungua dirisha la faragha anapona, kwa sababu kuki zilizorundikana hazimfuati huko. Wewe huna dalili hiyo. Tena Node yenyewe hukataa heda zinazozidi KB 16 kwa jumla, kwa hiyo 64k ya mbele haikununulii chochote nyuma. Irudishe 4 8k.

Na kufungia kila IP yenye 400, usithubutu. Orodha ya kwanza ya kufungiwa ingekuwa na seva ya tovuti yenu wenyewe, na mizani. Mizani ziko kwenye mtandao wa simu, ambako watu wengi hutoka nyuma ya IP moja ya umma. Ungeifungia mizani ya Ghala la Pili pamoja na nusu ya wateja wa kampuni hiyo ya simu wilayani.

Wakati uko humo, angalia kitu kimoja ambacho hakimo kwenye mistari yako ila kinasumbua vifaa kama hivyo: heda yenye mstari wa chini kwenye jina, mfano `api_key`. Nginx kwa kawaida huitupa bila kukataa ombi, Node anakosa ufunguo na kulalamika, na mtu anaapa kwamba ameutuma. Kweli ameutuma. Iite `Api-Key`.

Kuna oda zilizokataliwa wiki zote hizi. Logi ya Nginx haihifadhi mwili wa ombi, kwa hiyo kwenye seva ya oda hazipo. Tazama upande wa tovuti. Kama fomu huhifadhiwa kabla ya kutumwa, utazikuta zote na unaweza kuzituma upya baada ya marekebisho. Ila kabla ya kuzituma wapigie simu kwanza. Wengi watakuwa walichoka wakaagiza kwa njia nyingine, na hutaki kumpelekea mtu wa Mang'ula mifuko minne ya mbolea mara mbili.